LibreWolf kwenye Linux: dalili, vyanzo vyake, na pale pa kuacha kushikashika

LibreWolf ni Firefox iliyopunguzwa na kukazwa. Takwimu za matumizi hazitumwi Mozilla, kizuia matangazo cha uBlock Origin kimo tangu unapoisakinisha, utafutaji unaanzia DuckDuckGo, vidakuzi hufutwa ukifunga, na `privacy.resistFingerprinting`, ambayo wenye kazi hii huiita RFP tu, huwa imewashwa muda wote kuzuia tovuti zisikutambue kwa sifa za kompyuta yako. Wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea. Hakuna namba ya huduma kwa wateja, kwa hiyo anayetunza kifurushi hiki kwenye kompyuta yake, ofisini au kwa watumiaji wa distro nzima (mkusanyiko wa Linux kama Ubuntu, Fedora au Arch), ndiye fundi wa kwanza.

Malalamiko mengi yanayoletwa kuhusu LibreWolf si hitilafu. Ni kivinjari kinachofanya kile kilichoahidi, na mtu hakusoma ahadi. Ndiyo maana swali la kwanza ni kujua tatizo liko tabaka gani: mipangilio ya LibreWolf, profaili yako (folda ya data zako za kivinjari), au kifurushi chenyewe.

## Vipimo vitatu kabla ya kugusa kitu

Fungua `about:support` uandike toleo na njia ya folda ya profaili. Usitegemee kumbukumbu, maana profaili ya Flatpak (mfumo wa vifurushi usiotegemea distro moja) haikai mahali pamoja na ile ya kifurushi cha kawaida, na nimeona watu wakihariri folda isiyosomwa na kitu chochote.

Kisha funga, uanze na `librewolf --ProfileManager` na utengeneze profaili mpya tupu. Tatizo likitoweka, mkosaji yuko kwenye profaili ya zamani, na mara nyingi ni kiendelezi. Likibaki, fungua ukurasa uleule kwenye Firefox ya kawaida yenye profaili mpya. Firefox ikiupakia vizuri, hayo ni mipangilio ya LibreWolf. Zote mbili zikishindwa, acha kusumbua kivinjari; tazama mtandao, tovuti yenyewe au mfumo.

Kabla ya hatua yoyote inayogusa profaili, funga kivinjari na unakili folda nzima kwa `cp -a`. Nywila ulizohifadhi ziko kwenye `logins.json`, lakini bila `key4.db` faili hilo halifunguki. Yanakwenda pamoja.

## "Kila nikifungua natakiwa kuingia upya"

Chanzo cha kwanza, na karibu kila mara ndicho, ni kwamba vidakuzi hufutwa unapofunga. Usizime ufutaji wote. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya vidakuzi, bonyeza `Manage Exceptions`, uandike anwani ya tovuti unayoiamini na kuiruhusu. Anza na `https://`.

Ukiruhusu na bado unatolewa, huenda ukurasa wa kuingilia uko kwenye anwani nyingine. Huduma nyingi hukupeleka kwenye kikoa kidogo cha akaunti kisha hukurudisha. Tazama upau wa anwani wakati wa kuingia, na uruhusu zote mbili.

Chanzo cha nadra zaidi ni diski iliyojaa au folda ya profaili inayomilikiwa na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwa sababu kuna siku mtu alifungua kivinjari kwa `sudo`. `ls -l` itakuonyesha jina la mmiliki. Rekebisha kwa `chown -R`, na usifungue tena kivinjari chochote kwa `sudo`.

## "Saa iko nyuma, tovuti ni nyeupe, picha imevurugika"

Dalili hizi tatu naziweka pamoja kwa sababu mama yao ni mmoja: RFP.

Saa kwanza. RFP huiambia kila tovuti kwamba uko UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hiyo ni tofauti ya saa tatu kamili: mkutano wa saa tano asubuhi unaonekana kwenye kalenda ya wavuti kama 08:00, yaani saa mbili. Tofauti ikiwa saa tatu barabara na saa ya kompyuta iko sawa, usitafute zaidi. Ikiwa ni dakika kadhaa, au siku nzima, endesha `timedatectl` uone kama ulinganishaji wa saa unafanya kazi. Kompyuta ya zamani inayorudi mwaka wa nyuma kila ikizimwa ina betri ya CMOS (inayotunza saa kompyuta ikiwa imezimwa) iliyokufa, na hiyo itakuletea pia makosa ya vyeti kwenye karibu kila tovuti ya `https`. Betri hiyo ni kitu kidogo na cha bei nafuu, ila kwenye laptopu nyingi kuifikia ni kufungua mgongo mzima. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpelekee fundi.

Rangi nyeusi nayo: umechagua mandhari ya giza, menyu zimekuwa nyeusi, kurasa zimebaki nyeupe. RFP huficha chaguo hilo kwa sababu nalo husaidia kukutambua. Dirisha linalofunguka kwa vipimo usivyovichagua ni hivyohivyo. RFP hupanga upana kwa mafungu ya 200 na urefu kwa mafungu ya 100, ili ufanane na wengine.

Ya tatu ndiyo inayowatisha watu. Unapakia picha kwenye fomu inayoikata iwe saizi ya pasipoti, na inayotoka ni michirizi ya rangi. Picha yako haijaharibika. Fomu ilitumia canvas (turubai ya kuchorea ndani ya ukurasa) kuikata, na RFP ikaizuia kusoma canvas kwa kuipa takwimu za kubahatisha. Tazama upande wa kushoto wa upau wa anwani; kuna alama ndogo ya picha. Ibonyeze, iruhusu tovuti hiyo pekee, upakie upya. Kagua picha kabla ya kutuma fomu, maana kuna mifumo ya maombi isiyokupa nafasi ya pili.

Sasa dawa. Kuzima RFP kabisa ndio ushauri unaosambaa zaidi, na kwangu ndio ushauri mbovu kuliko yote. Baada ya hapo umebaki na Firefox yenye nembo ya mbwamwitu. Ikiwa tovuti moja tu ndiyo inayokukera, iweke kwenye `privacy.resistFingerprinting.exemptedDomains` ndani ya `about:config`, ukurasa wa mipangilio ya ndani. Ikiwa unataka giza na saa ya kwenu kila mahali huku ukibaki na sehemu kubwa ya kinga, badili RFP kwa mfumo mwenzake unaokuruhusu kutoa kipengele kimoja kimoja. Mistari hii huwekwa kwenye `librewolf.overrides.cfg`, faili la mabadiliko yako mwenyewe:

```
defaultPref("privacy.resistFingerprinting", false);
defaultPref("privacy.fingerprintingProtection", true);
defaultPref("privacy.fingerprintingProtection.overrides", "+AllTargets,-CSSPrefersColorScheme,-JSDateTimeUTC");
```

Ujue unachokitoa: kila alama ya kutoa hapo ni kitu kimoja zaidi ambacho tovuti itakijua kukuhusu.

Ramani zisizochora na michezo ya wavuti inayobaki nyeusi ni suala la jirani. Tafuta `webgl.disabled` kwenye `about:config`; ikiwa `true`, WebGL, ambayo huchora michoro hiyo, imezimwa, na umeshapata jibu.

## "Nimeandika overrides, hakuna kilichobadilika"

Kinachotokea zaidi ni faili kukaa mahali pasipo pake. Kifurushi cha kawaida mara nyingi hulitafuta `~/.librewolf/`, na Flatpak hulitafuta `~/.var/app/io.gitlab.librewolf-community/.librewolf/`.

Kisha angalia alama za kunukuu. Ukinakili mistari kutoka kwenye ukurasa au hati iliyopambwa, alama hugeuka kuwa zile zilizopinda, na faili zima hukataliwa. Ukiona ujumbe unaotaja AutoConfig na kukuambia uwasiliane na msimamizi wa mfumo, kabla ya kumtafuta msimamizi tafuta alama iliyopinda, mabano yasiyofungwa au nuktamkato iliyosahaulika. Lipe faili jina jingine kwa muda. Ujumbe ukitoweka, kosa limo humo.

Uwezekano wa mwisho ni kwamba ulishabadilisha thamani hiyo kwa mkono kwenye `about:config`, na `defaultPref` huwa haiipiti thamani ya mtumiaji. Irejeshe kwenye ya awali, kisha uanze upya.

Usihariri `librewolf.cfg` ya mfumo. Inaandikwa upya kila kifurushi kinaposasishwa, na mwezi ujao utakuja kulalamika tena.

## "Video haichezi"

Ikiwa ni Netflix au huduma nyingine inayodai DRM (kinga ya kuzuia kunakili video), LibreWolf imeizima kwa makusudi. Inawashwa kwenye mipangilio ya jumla, na ukiiwasha kivinjari hupakua Widevine, ambayo ni msimbo uliofungwa wa Google. Binafsi huduma hizo naziachia kivinjari cha pili.

Video za kawaida zikigoma, fungua `about:support` usome sehemu ya vyombo vya habari uone kodeki zipi (miundo ya kubana video) zinaungwa mkono. Kivinjari hutegemea maktaba ya ffmpeg ya mfumo. Fedora haileti H.264 kwenye ffmpeg yake ya asili kwa sababu za hataza. Utahitaji ile ya RPM Fusion, hazina ya nje.

## "Tangu nisasishe haifunguki kabisa"

Usibonyeze ikoni mara ya kumi. Fungua terminali uandike `librewolf`, halafu usome inachosema.

Ikisema `Couldn't load XPCOM` na kutaja `libxul.so` pamoja na maktaba fulani ya `.so` isiyopatikana, mfumo umesasishwa nusu. Kwenye Arch hili hutokea kwa waliozoea `pacman -Sy` ikifuatwa na jina la kifurushi kimoja. Arch haiungi mkono usasishaji wa namna hiyo. Endesha `pacman -Syu`, uanze upya. Kama LibreWolf yako uliijenga mwenyewe kutoka AUR (hazina ya Arch ya vifurushi vya watumiaji), huenda maktaba imebadilisha namba na kivinjari bado kinaitafuta ya zamani; ijenge tena. Utaziona zote zinazokosekana kwa `ldd` kwenye `libxul.so` ukichuja maneno `not found`. Kamwe usitengeneze kiungo cha jina la zamani kuelekea maktaba mpya. Inaweza kufunguka, halafu ikaanguka katikati ya malipo.

Ikisema profaili imetumiwa na toleo jipya zaidi, umeshuka toleo: ama umerudisha mfumo nyuma, ama umehama kutoka kifurushi kimoja kwenda kingine kilichochelewa. Njia salama ni kupandisha toleo. Kuna `--allow-downgrade`, lakini itumie tu ukiwa na nakala ya profaili, kwa sababu hifadhidata za ndani zinaweza kuharibika.

Ikidai tayari inaendeshwa lakini haijibu, tafuta mchakato kwa `pgrep -a librewolf` na uuzime. Ikiwa hakuna mchakato wowote, futa kiungo kinachoitwa `lock` ndani ya profaili. Hakikisha kwanza kweli hakuna mchakato. Vivinjari viwili kwenye profaili moja huiharibu.

Wa AppImage (programu nzima ndani ya faili moja) hukutana na jambo lao: `error loading libfuse.so.2`. Ubuntu tangu 22.04 haiji na maktaba hiyo. Sakinisha `libfuse2`, ambayo kwenye 24.04 inaitwa `libfuse2t64`. Kifurushi kinachoitwa `fuse` tupu ni kingine, usikichukue kwa kufanana jina.

Ubuntu 24.04 pia hubana nafasi za majina (user namespaces, njia ya kutenga michakato) za watumiaji wasio root kupitia AppArmor, mfumo wake wa kudhibiti programu, na uzio wa ulinzi wa kivinjari unazihitaji. Utaona watu wakigawa amri ya `sysctl` inayoondoa kizuizi hicho kwa kompyuta nzima. Iache. Andika profaili ya AppArmor kwa njia ya LibreWolf peke yake. Na kama kompyuta ni ya ofisi, hapo simama: mlango huo ni wa msimamizi wa mifumo kuufungua.

## "apt inalalamika kuhusu ufunguo"

`NO_PUBKEY` kwenye Debian au Ubuntu kwa kawaida maana yake umefuata maelekezo ya zamani. Futa faili la zamani la LibreWolf ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`, kisha:

```
sudo apt install extrepo
sudo extrepo enable librewolf
sudo apt update
```

Usitumie `apt-key`; ilishastaafishwa. Na usiweke `trusted=yes` ili kunyamazisha onyo.

## "makepkg imekataa sahihi"

makepkg ni zana ya Arch inayojenga kifurushi kwa kufuata faili la maelekezo liitwalo PKGBUILD. Hapa soma neno kwa neno, kwa sababu kuna ujumbe tatu zinazofanana zisizo na uzito mmoja.

`unknown public key` ni kwamba huna ufunguo wa watengenezaji kwenye kibeti chako cha GPG. Uchukue kwa `gpg --recv-keys` ukitumia namba iliyomo kwenye `validpgpkeys` ndani ya PKGBUILD, lakini kwanza linganisha namba hiyo, herufi zote, na ile iliyochapishwa na mradi wenyewe. PKGBUILD ya AUR inaweza kuandikwa na mtu yeyote.

Ukaguzi wa jumla ya faili (checksum) ukishindwa, mara nyingi upakuaji ulikatika. Kwa mtandao wa bando hili ni la kila siku: faili limefika nusu na bando limekwisha. Lifute, upakue tena. Likirudia, tazama kama PKGBUILD yako ni ya wiki iliyopita. Likirudia hata kwa PKGBUILD mpya, anayetunza anahitaji kujua.

Sahihi mbaya, yaani ufunguo unao lakini sahihi haikubaliani na faili, ni jambo jingine. Futa, pakua mara moja zaidi kupitia mtandao tofauti. Ikirudi vilevile, simama. Usitumie `--skippgpcheck`, usisakinishe, na watumiaji wako uwaambie wasubiri. Wapelekee watengenezaji kupitia hazina ya mradi iliyoko Codeberg, ukitaja jina la faili, jumla yake ya SHA-256 na mahali ulipolipakua.

## "Ujenzi unakufa katikati"

Hii ni ya wanaojenga kutoka msimbo chanzo. Mozilla inataja GB 4 za RAM kama kiwango cha chini na 8 au zaidi kama kinachofaa, pamoja na nafasi huru ya GB 30 kwenye diski.

Ukiona `Killed` au `signal: 9`, RAM imekwisha, `dmesg | grep -i oom` itathibitisha. Punguza kazi zinazoendeshwa kwa pamoja kwa `mk_add_options MOZ_MAKE_FLAGS="-j2"` kwenye mozconfig (faili la mipangilio ya ujenzi), ongeza swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), funga vingine vyote. `No space left on device` wakati diski ina nafasi tele ni kwa sababu `BUILDDIR`, folda ya ujenzi, iko `/tmp`, na `/tmp` kwenye distro nyingi ni RAM. Ihamishie diskini.

Baada ya hapo huja zana zisizolingana: cbindgen ya zamani mno, Rust mpya mno, au LLVM iliyopanda toleo kubwa wakati vipande vya wasi (vya kujengea maktaba zilizotengwa) bado viko nyuma, na kiunganishi kinatafuta `libclang_rt.builtins` kwenye folda isiyokuwepo tena. Dawa ni kusubiri vipande vyote vipandishwe toleo, au kujenga ndani ya mazingira safi ya chroot (mfumo mdogo uliotengwa). Kuna njia ya mkato, `--without-wasm-sandboxed-libraries`, na ujenzi hupita. Lakini unakuwa umeondoa RLBox, kinga iliyoingia Firefox 95 mwaka 2021 ili kutenga maktaba hatari na sehemu nyingine za kivinjari. Kwenye kompyuta yako ya majaribio, sawa. Kwenye kifurushi unachowagawia watu waliokuja kutafuta usalama, hapana.

`Hunk FAILED`, yaani kiraka (badiliko la msimbo) kimekataa kuingia, ina mtego wake. Faili la chanzo linalotolewa na LibreWolf tayari limeshawekwa viraka vyao. Kwa hiyo kiraka kinachokataa kwa kawaida ni chako au cha distro, kilichoandikwa kwa Firefox ya mwezi uliopita. Soma faili la `.rej` uone mstari uliohama. Kama ni kiraka cha kuzuia data kutumwa nje, usikiondoe ili tu ujenzi umalizike.

Na kosa likiwa linahama, leo faili hili, kesho lile, huku `internal compiler error` ikijitokeza popote inapotaka, acha kumlaumu mtu wa msimbo. Endesha memtest86+ usiku kucha. RAM mbovu huonekana kwenye ujenzi mkubwa kabla ya kuonekana kwingine. `dmesg` ikitaja I/O error, hifadhi data zako leo, na diski imfikie fundi kabla ya ujenzi mwingine.

## "Kifurushi kimebaki nyuma"

Kwenye Linux LibreWolf haijisasishi yenyewe. Inategemea apt, dnf, pacman au Flatpak. Linganisha `librewolf --version` na toleo la sasa la Firefox: sehemu ya kabla ya kistari ni namba ya Firefox, ya baada ya kistari ni ya LibreWolf. Kuchelewa siku chache ni kawaida. Firefox ikishatoa toleo kubwa jingine, takriban wiki nne baadaye, na wewe bado uko kwenye la zamani, una kivinjari chenye matundu yaliyokwisha kutangazwa hadharani. Kagua kwanza kama hazina imezimwa wakati wa kupandisha Ubuntu, kwa sababu kipandishaji huzima hazina za nje. Kagua kama `IgnorePkg` kwenye `pacman.conf`, orodha ya vifurushi visivyosasishwa, ina jina lake. Kisha tazama kama anayetunza ametoweka. Hapo hamia Flatpak au hazina rasmi ya mradi, ukibeba profaili yako, na hadi uhame usiingie benki kwa kivinjari hicho.

Anayetunza ukiwa wewe na muda umekuishia, AUR ina kitufe cha kuachia kifurushi. Kibonyeze mapema, wakati toleo bado ni jipya, ili atakayekichukua asianze na viraka vya miezi sita.